Kujisomea: Njia ya Kupata Maarifa Mapana

Udadisi hauanzi mahali ambapo mtu hajui kitu kabisa. Asiyewahi kusikia kwamba kujaa na kupwa kwa bahari kunafuata mwezi hana la kuuliza juu ya bamvua. Anayejua kidogo, kwamba maji hupanda sana mwezi ukiwa mpevu, ndiye atakayeshangaa kuyaona yakipanda vilevile mwezi unapokaribia kuandama, wakati angani hauonekani hata ukucha wake. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani George Loewenstein alilieleza jambo hili kwa nadharia ambayo bado inatajwa: udadisi ni mwasho unaotokana na pengo kati ya kile mtu anachokijua na kile anachotambua kwamba hakijui. Pasipo ujuzi wa awali pengo halionekani, na lisipoonekana haliwashi.

Maana yake ni kwamba swali halisubiriwi lije lenyewe. Somo linaloonekana kavu, liwe kodi, udongo au historia ya Dola ya Uthmaniyya, hubadilika sura baada ya kurasa chache za mwanzo, kwa sababu kurasa hizo ndizo zinazoanza kuonyesha mapengo. Ndiyo sababu pia watu wenye maarifa mapana kwa kawaida hawakuanza kwa kutaka kujua kila kitu. Walianza na jambo moja finyu, likawavuta hadi la pili, na la pili likawafikisha wasikokutarajia.

Mfano ulioandikwa kwa kina kuliko karibu yote ni wa Michael Faraday, aliyezaliwa kusini mwa London tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi. Shuleni Faraday alipata kusoma, kuandika na hesabu za kawaida, basi. Alipofika umri wa miaka 13 alianza kazi ya kutumwa katika duka la vitabu la George Riebau, Mfaransa aliyehamia London. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapelekea wateja magazeti ya kukodi, kisha kuyafuata wakishayasoma ili yaende kwa mteja mwingine. Mwaka 1805 akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa mkataba wa miaka saba.

Enzi hizo vitabu vingi vilifika kwa mjalidi vikiwa karatasi zisizojalidiwa, na mjalidi ndiye aliyezishona, kuzipiga gundi na kuzivika ngozi. Kijana huyo akawa anavisoma alivyokuwa akivishona, na Riebau hakumkataza, ingawa waajiri wengi wasingelivumilia jambo hilo. Maandishi mawili yalimshika zaidi. La kwanza ni makala ya umeme katika ensaiklopedia ya Britannica. La pili ni kitabu cha kemia cha Jane Marcet, kilichotoka mwaka 1806 bila jina la mwandishi, kikifundisha kwa njia ya mazungumzo kati ya mwalimu mwanamke na wanafunzi wake wawili wa kike. Kilikusudiwa watu wa kawaida, hasa wanawake ambao hawakuwa na nafasi ya kusomea sayansi, na huenda ndiyo sababu kilimfaa mwanagenzi asiyekuwa na msingi wowote. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwanasayansi mashuhuri Ulaya nzima, Faraday alisimulia kwamba alikuwa akiyajaribu yaliyoandikwa na Marcet kwa vifaa vidogo alivyomudu, na kila alipojaribu alikuta mama huyo amesema kweli. Hapo ndipo imani yake kwa kitabu ilipojengeka.

Vifaa hivyo vilikuwa duni kwelikweli. Katika barua ya Julai 1812 kwa rafiki yake Benjamin Abbott, aliyekuwa karani, Faraday alieleza jinsi alivyotengeneza betri yake. Alikata vipande vya duara vya zinki, akaviambatanisha na sarafu za shaba za nusu peni, jozi saba kwa jumla, na katikati akaweka karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Kwa kifaa hicho alipitisha umeme katika maji yenye chumvi ya Epsom, ileile inayouzwa madukani kwa tumbo lililofunga, akaona inavunjika. Barua nzima ina furaha ya kitoto, na mwandishi wake anajicheka mwenyewe kwa udogo wa mtambo wake.

Kilichomtoa Faraday katika kundi la vijana wengi wanaopenda vitabu, hata hivyo, ni utaratibu. Aliupata kwa Isaac Watts, mhubiri wa Kiingereza ambaye mwaka 1741 alichapisha kitabu cha mwongozo wa kuiendeleza akili. Watts alishauri mambo yanayoweza kusemwa kwa pumzi moja: kusoma na kuandika muhtasari, kuhudhuria mihadhara, kuandikiana barua na watu wanaopenda elimu, kujadiliana, na kutoamini neno kwa sababu tu limechapishwa. Wengi walikisoma kitabu hicho. Faraday alikitekeleza kipengele kwa kipengele.

Kuanzia mwaka 1810 alihudhuria mihadhara ya jioni ya John Tatum kwa kiingilio cha shilingi moja, fedha iliyotolewa na kaka yake, ambaye naye alikuwa mhunzi. Ukumbini aliandika maneno machache tu. Nyumbani aliyapanua yakawa maelezo kamili yenye michoro ya vifaa, na ili michoro iwe sahihi alijifunza kuchora kutoka kwa mchoraji wa Kifaransa aliyepanga katika nyumba ya Riebau. Maelezo hayo akayajalidi mwenyewe. Mteja mmoja wa duka alipata habari za kazi hiyo, akampa kijana tiketi za mihadhara ya mwisho ya Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa gumzo la jiji. Faraday akaandika tena, akajalidi tena, na safari hii kitabu akampelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Kifalme, kituo cha sayansi cha London. Bahati ilikuwepo, kwani nafasi ilipatikana baada ya msaidizi aliyekuwepo kufukuzwa kwa kupigana kazini. Lakini nafasi ilipofunguka, jina lililokuja kichwani mwa Davy lilikuwa la yule mjalidi.

Swali la kwanza la mtu anayetaka kujisomea huwa ni aanze na kitabu gani. Jibu lenye ushahidi ni kwamba aanze na kile anachoweza kukielewa, hata kama ni cha watoto, kwa sababu uelewa hutegemea sana yale ambayo msomaji anayajua kabla hajafungua ukurasa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 habari ya kusoma juu ya kipande cha mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waonyeshe kilichotokea kwa kusogeza vinyago kwenye kiwanja cha mfano. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaoujua mchezo waliwashinda kwa mbali wasomaji hodari wasioujua. Jambo hilo halitamshangaza yeyote aliyemwona kijana anayesuasua darasani akichambua ripoti ya mechi ya Simba na Yanga kama kocha. Kusoma si ufundi mmoja unaofanya kazi sawasawa kila mahali. Kila jambo jipya analolijua mtu linamrahisishia kurasa za kesho, na hapo ndipo faida ya upana ilipo: aliyesoma kidogo juu ya upepo, biashara, dini na lugha za pwani ataelewa historia ya Kilwa haraka kuliko aliyekariri orodha ya masultani.

Lugha ni kikwazo ambacho waandishi wa miongozo ya kujisomea, wengi wao wakiwa wa nchi za Magharibi, hawakigusi. Sehemu kubwa ya maandishi ya sayansi na ufundi haiko katika Kiswahili. William Kamkwamba wa Malawi alikumbana na tatizo hilohilo. Njaa ya mwaka 2001 na 2002 ilipoikumba nchi yake, wazazi wake walishindwa kulipa ada ya sekondari na akabaki nyumbani wilayani Kasungu, akiwa na umri wa miaka 14. Akaanza kwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya kijijini, na humo akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati chenye picha ya vinu vya upepo kwenye jalada. Kiingereza chake hakikutosha. Alianza na michoro, kisha akatafuta kwenye maelezo maneno yaliyohusu mchoro husika, na kila neno asilolijua akalifuatilia kwenye kamusi au kwa mkutubi. Alisoma kutoka kwenye picha kurudi kwenye neno. Kinu chake kilisimama juu ya mnara wa miti ya mkaratusi, kikiwa na feni ya trekta, fremu ya baiskeli iliyochakaa, dinamo, na mapanga ya mabomba ya plastiki yaliyolainishwa kwa moto na kunyooshwa. Majirani waliokuwa wakimwona akichakura kwenye takataka za vyuma walidhani ameingiwa na wazimu. Mwaka 2007 alikuwa Arusha, akisimulia kazi yake jukwaani kwa Kiingereza cha kubahatisha mbele ya ukumbi uliosimama kumpigia makofi.

Pale yanapopatikana maandishi ya Kiswahili, hata ya magazeti, kazi hupungua sana. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilisomwa na makarani na walimu waliokuwa mbali na shule yoyote ya juu, na mashairi ya Shaaban Robert yalichapishwa humo. Robert mwenyewe alimaliza shule Dar es Salaam mwaka 1926, akaingia ukarani wa forodha Pangani. Elimu iliyojaa katika insha na riwaya zake aliitafuta mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali mwenye zamu na mishahara midogo.

Kusoma peke yake hakuhifadhi kitu. Mtu hufunga kitabu akijihisi amekielewa, na baada ya wiki hawezi kusema hata sura ya pili ilihusu nini. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi walisoma habari fupi kisha wakairudia kuisoma, na wengine waliisoma, wakaiweka kando na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, walioandika kutoka kichwani wakawa mbele, tena kwa tofauti kubwa. Kurudia ukurasa kunampa msomaji hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya. Kinachotia jambo akilini ni ile taabu ya kulivuta kutoka kichwani, na hilo linahitaji daftari, peni na kitabu kilichofungwa. Kupaka rangi mistari ya kitabu, desturi inayopendwa mno na wanafunzi, hakumvutishi mtu chochote.

Faraday hakulijua jaribio hilo, lakini desturi yake ilielekea huko: maneno machache ukumbini, maelezo kamili nyumbani. Baadaye aliongeza jambo la pili lenye uzito huohuo, yaani kuhakikisha kilichoandikwa kinaweza kupatikana tena. Katika shajara yake ya maabara alizipa aya namba zinazofuatana, mwaka baada ya mwaka, hadi zikapita 16,000. Akitaka kulinganisha jaribio la leo na la miaka kumi iliyopita, aliandika namba ya aya. Daftari lisilo na namba, tarehe wala faharasa hugeuka haraka kuwa kaburi la mawazo mazuri, na simu yenye picha 5,000 za kurasa haina nafuu kuliko daftari hilo.

Baada ya kusoma na kuandika huja hatua ambayo wengi wanaojisomea huiruka, nayo ni kujaribu. Mwaka 1821 Faraday aliombwa na mhariri wa jarida moja aandike historia fupi ya ugunduzi mpya wa uhusiano wa umeme na sumaku, uliokuwa umetangazwa na Hans Christian Ørsted wa Denmark mwaka uliotangulia. Makala zilikuwa zimefurika na nyingi zilipingana. Badala ya kufupisha maneno ya wengine, Faraday aliyarudia karibu majaribio yote kwa mikono yake. Kazi ya muhtasari ikawa utafiti: mwanzoni mwa Septemba mwaka huo aliona waya wenye umeme ukizunguka sumaku iliyosimamishwa ndani ya zebaki, na huo ndio mzunguko wa kwanza wa aina inayoendesha mota za leo.

Afrika Mashariki ina kisa chake cha namna hii. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakaribia kwisha. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba naye akaogopa kuchelewa, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa.

Alichofanya baadaye ndicho cha kuangalia. Mjini Tanga alimuuliza rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu, akajibiwa kwamba wao huweka mchanganyiko wa moto makusudi ili ugande upesi. Ushahidi wa pili huo, kutoka kwa watu ambao riziki yao ilitegemea friji. Akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji moto, akaziweka kwenye friji na kuja kuziangalia baada ya saa moja. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lake mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu jambo hilo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji moto kweli yaliganda kwanza, akaongeza kwa bidii kwamba ataendelea kurudia hadi apate jibu sahihi. Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka katika jarida la kufundishia fizikia mwaka 1969. Tangu hapo wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, waliyapima upya majaribio mengi wakasema hawaoni ushahidi thabiti, na wengine wakaendelea kuutafuta. Hata ubishi huo una thamani, maana umewafanya watu wengi wagundue jinsi kuganda kwa maji, kitu cha kila siku, kulivyo kugumu kupimwa.

Neno kujisomea huleta picha ya mtu aliyejifungia peke yake. Visa vyote hivi vinaonyesha kinyume. Faraday alikuwa na Abbott wa kuandikiana naye, na chama cha vijana wa London, wengi wao makarani na mafundi, waliokutana jioni na kupeana zamu za kutoa mhadhara. Rafiki yake Edward Magrath alimsahihisha sarufi kila wiki kwa miaka kadhaa. Mpemba alikuwa na muuza aiskrimu na Osborne, Kamkwamba alikuwa na mkutubi. Asiye na wa kumkosoa huyarudia makosa yake hadi yakakomaa. Katika miji ya Waswahili darasa la msikitini, baraza la jioni na mashairi ya kujibizana magazetini yalifanya kazi hiyo kwa vizazi. Mtu alitoa hoja, akapingwa hadharani, akarudi nyumbani kutafuta.

Mtandaoni hali ni nyingine, kwa kuwa ukurasa wa uongo na wa kweli hupambwa sawasawa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaangalia watu 45 wakipima tovuti: wahakiki wa habari, wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, na wanafunzi wa chuo hicho. Matokeo yao, yaliyotoka 2017, yanaumiza kidogo. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa, wakauchunguza kwa makini, na mara nyingi nembo nzuri na lugha ya kitaalamu ziliwadanganya. Wahakiki waliuacha karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kuuliza mwenye tovuti ni nani, analipwa na nani, na wengine wanasemaje juu yake. Walisoma kidogo kuliko wote wakapata zaidi. Ujumbe wa WhatsApp unaosifu majani fulani kwamba yanatibu kisukari hupimwa vivyo hivyo: kuusoma mara tatu hakuongezi kitu, kutafuta alikotoka msemaji kunaongeza.

Njia ya kujisomea ina upungufu wake. Mtaala wa shule, pamoja na ukavu wake, humlazimisha mwanafunzi apite hata pale asipopapenda. Anayejisomea huzifuata hamu zake, na mahali hamu isipofika hubaki shimo. Faraday alikosa hisabati ya juu maisha yake yote. Alikosa pia, mwanzoni, adabu za jamii ya wanasayansi: mwaka 1821 aliharakisha kuchapisha habari za ule waya unaozunguka bila kumtaja William Wollaston, aliyekuwa akiifuatilia mada hiyohiyo, na minong'ono ya wizi ikamuandama kwa muda mrefu. Shimo la hisabati hakulificha. Alifikiri kwa picha, akiiona nguvu ya sumaku kama mistari iliyoenea hewani, na wenye hisabati wakaona kwamba hayo si fizikia.

Tarehe 13 Novemba 1857, akiwa na miaka 66, Faraday alimwandikia James Clerk Maxwell, kijana wa Uskoti aliyeanza kuigeuza mistari hiyo kuwa milinganyo. Alimuuliza kama mwanahisabati akishafikia hitimisho lake hawezi kulieleza pia kwa lugha ya kawaida, ili watu wa aina yake wapate kulijaribu maabarani. Maxwell alikuwa ameanza upande wa pili. Katika dibaji ya kitabu chake kikubwa cha umeme na sumaku, kilichotoka 1873, alieleza kwamba aliazimia kutosoma hisabati yoyote ya somo hilo kabla hajamaliza kuyasoma maandishi ya Faraday.